Kupiga marufuku kodi ya miezi sita: hasara ya mpangaji mtoro ataibeba nani?

Ndugu zangu, hoja iliyoletwa mezani ni kwamba itungwe sheria ya kumkataza mwenye nyumba kupokea kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kwa mkupuo, kwa sababu kijana anayeanza kazi hapa Dodoma hawezi kutoa kodi ya miezi sita, akaongeza ya mwezi mmoja ya dalali, na bado akabaki na fedha ya godoro. Naipinga hoja hiyo nikiwa mtu mwenye vyumba vitano vya kupangisha Nkuhungu, ingawa sikatai kwamba maumivu yanayoelezwa ni ya kweli.

Nikiri kwanza upande wetu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007, na zaidi Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, wenye nyumba wengi tulipandisha kodi ya chumba kile kile, chenye dirisha lile lile lililokosa wavu, bila hata kupaka rangi. Sheria ya Kudhibiti Pango ya mwaka 1984 ilikwisha kufutwa mwaka 2005, hivyo kinachotuongoza zaidi sisi na wapangaji ni mkataba, ambao mara nyingi ni karatasi moja iliyochapwa steshenari na kusainiwa ukutani. Mwenye kusema kwamba tulijinufaisha na uhaba wa vyumba hajatusingizia.

Lakini kodi ya miezi sita haikuzaliwa na tamaa peke yake. Mwaka juzi nilimhurumia mpangaji mmoja nikamruhusu alipe mwezi kwa mwezi, shilingi 80,000. Alilipa miwili, kisha zikafuata ahadi za mwisho wa mwezi, na baada ya miezi minne ya ahadi hizo akaondoka usiku akaacha kufuli mlangoni. Wasiopangisha hawaijui adha ya kufuli hilo. Chumba ni changu, lakini nikilivunja peke yangu, kesho anaweza kurudi na kudai kwamba mlikuwa na runinga na fedha taslimu. Mwenyekiti wa mtaa alinishauri nisubiri, kisha nilivunje mbele ya mashahidi na kuandika kila kilichomo. Tulikuta ndoo mbili, feni isiyo na panga na pasi iliyoungua.

Nani angenirudishia shilingi 320,000? Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui; suluhu ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mtu anaingia na nauli, siku za kazi zilizopotea, na mdaiwa ambaye hajulikani amehamia wapi. Deni la kiasi hicho halidaiki kwa njia hiyo. Ndiyo maana tunachukua mapema: kodi ya miezi sita ni dhamana tunayojitengenezea wenyewe, kwa kuwa hakuna nyingine inayofanya kazi kwa haraka.

Tena kudaiana kodi mwezi kwa mwezi kungeongeza ugomvi mwingine juu ya ule ambao tayari upo, hasa wa umeme. Vyumba vyangu vitano vinatumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wapangaji wanachangishana, na mmoja ana friji la kuuzia barafu huku mwingine ana taa moja na chaja ya simu. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na anayekatwa ni yule aliyenunua umeme siku hiyo. Mpangaji wangu mmoja alitunza meseji zote za makato akaniletea nimrudishie. Alikuwa na haki, kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye jengo, nami nikamrudishia. Sasa mita ndogo nimezifunga kila chumba kwa gharama yangu, na kelele zimepungua sana.

Ninachopendekeza badala ya marufuku ni kodi ya miezi mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa mpangaji akiondoka bila deni wala uharibifu, na njia fupi ya kudai madeni madogo ya pango ambayo haitamlazimu mtu kufunga genge lake ili ahudhurie shauri. Bila hiyo njia fupi, marufuku itazaa risiti za uongo: karatasi itasoma mwezi mmoja, mkononi zitapita fedha za sita, na mpangaji ndiye atakayekosa ushahidi wa alichokilipa.

Mleta hoja aliuliza kwa nini mpangaji mwaminifu aadhibiwe kwa makosa ya mtoro. Ni swali zito, na jibu langu halipendezi: siku wanapofika na mabegi yao, wote wawili wanasalimia vizuri. Hata hivyo, chumba kile cha kufuli nimekipangisha kwa utaratibu huu wa miezi mitatu na amana. Aliyeingia amekwisha kulipa mara mbili, mara ya pili akiwa amechelewa siku tisa, na siku ya tatu tu alikuja mwenyewe kuniambia.