Naomba ushauri: naenda kijiji cha michikichi Riau, Indonesia

Wakuu habari, kuna jamaa nilisoma naye chuo, Mjava (asili yao kisiwa cha Java), kwao ni ndani ndani huko mkoa wa Riau, kisiwa cha Sumatra, wazazi wake walihamishwa na serikali kutoka Java wakapewa hekta 2 za michikichi, sasa kanialika nikaone wanavyovuna (mundu umefungwa kwenye ufito mrefu balaa) maana mzee wangu ana michikichi Kigoma. Kutoka Pekanbaru (mji mkuu wa Riau) mpaka mji wa Pangkalan Kerinci ni lami, ukiacha barabara kuu kuingia kijijini ni vumbi tupu, mvua ikinyesha malori yanakwama na chikichi ikichelewa kiwandani mafuta yanaharibika. Aliyewahi kufika, niende mwezi gani? Kiangazi nasikia kuna moshi wa mapori yanayochomwa na mimi nina pumu. Na zawadi gani nibebe, kahawa si wanayo kibao?