Nimeanguka na baiskeli, gia inagusa spoku: fundi anataka nibadilishe mashine nzima ya gia

Mwendesha wa Tegeta:
Wakuu, heshima kwenu. Jumanne asubuhi nilikuwa natoka Tegeta naenda kazini Mwenge. Kufika Africana nikakata kona kwenye ule mchanga ambao mvua huuacha pembeni ya lami, tairi la mbele likateleza, nikalala upande wa kulia. Nimechubuka kiwiko na goti tu, namshukuru Mungu. Baiskeli ndiyo inayoninyima usingizi. Ni ya mtumba, fremu ya alumini, gia saba nyuma. Usukani umegeuka, rimu ya nyuma inapiga breki kila mzunguko, na nikiweka gia nyepesi kabisa nasikia tik tik tik kwenye spoku. Fundi wa mtaani kaitazama nusu dakika, kasema mashine ya gia, kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo, imekufa, nilete 45,000. Nilipe?

Mzee wa Spoku:
Pole mkuu. Usilipe kwanza, na hiyo gia nyepesi usiiguse barabarani. Mashine ikinaswa na spoku gurudumu linafunga ghafla, unapoteza mashine, spoku na pengine fremu yenyewe.
Chuchumaa nyuma ya baiskeli. Vile vigurudumu viwili vidogo vya plastiki vinatakiwa kusimama wima, sambamba na meno ya gia. Vikiwa vimeinamia spoku, kilichopinda ni sikio, yaani kile kipande kinachoshika mashine kwenye fremu. Kimetengenezwa laini makusudi, kipinde chenyewe fremu ipone. Hata ukifunga mashine mpya kwenye sikio bovu, tik tik haitakwisha.

Mwendesha wa Tegeta:
Nimechuchumaa. Vimeinama kweli! Kwa hiyo yule jamaa alitaka kuniibia?

Fundi Buguruni:
Taratibu kijana. Mimi ni fundi. Mteja ukimbadilishia kifaa anaona kazi, ukimnyooshea anakupa elfu mbili na lawama juu. Ndiyo maana wengi wanakimbilia kubadilisha. Simtetei, nusu dakika ni kidogo mno.
Rimu hiyo si ya kutupa. Geuza baiskeli miguu juu, zungusha, tazama inapogusa mpira wa breki. Ikivutia kulia, kaza spoku za kushoto sehemu hiyo, robo mzunguko tu, kisha zungusha tena. Mwenye haraka huivuruga zaidi.

Mama Wawili:
Nyie wanaume mnaongelea sikio la baiskeli, la mwenyewe je? Helmeti iligusa chini?

Mwendesha wa Tegeta:
Iligusa dada. Ndani kwenye povu kuna ufa mwembamba kama unywele.

Mama Wawili:
Basi imemaliza kazi yake. Povu hilo hupokea kishindo mara moja. Nunua nyingine, na hiyo usimpe mtoto wa jirani.

Mzee wa Spoku:
Nirudi kwenye sikio. Kama limefungwa kwa skrubu, litoe uende nalo Kariakoo mkononi, maana maumbo yake hayana idadi. Kama limeungana na fremu, toa mashine, chukua gurudumu jingine lenye ekseli ya milimita 10, isokote kwenye tundu la sikio. Likikaa hivyo ndilo nyenzo na ndilo kipimo: vuta polepole mpaka nafasi kati ya magurudumu mawili ilingane juu, chini, mbele na nyuma. Ukiona ufa, acha. Nyundo isikaribie kabisa.

Mwendesha wa Tegeta:
Mrejesho, Jumamosi. Lilikuwa la skrubu. Duka la nne ndilo lililokuwa nalo, 9,000. Rimu nimempelekea yuleyule fundi wa mtaani, kaikaza vizuri tu kwa 5,000. Tik tik hakuna. Ila usukani nimenyoosha mwenyewe na bado unatazama baharini.

Fundi Buguruni:
Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti. Kama una skrubu mbili nyuma ya shingo ya usukani, legeza hizo. Ile ya juu iache, hiyo ndiyo mnayoikosea wote.