Fanksheni moja kwa vitufe kumi: mbona vyote vinaandika 9?

tarakimu_tisa:
Wakuu, habari za muda huu.

Natengeneza kikokotoo kwa Python na Tkinter, maktaba yake ya madirisha na vitufe. Mwanzoni kila kitufe kilikuwa na fanksheni yake, bonyeza_0 mpaka bonyeza_9, zote zikipishana kwa tarakimu tu. Nimeamua kubaki na moja, vitufe vizaliwe ndani ya lupu:

```
def bonyeza(n):
    onyesho.insert(tk.END, str(n))

for i in range(10):
    k = tk.Button(dirisha, text=str(i), command=bonyeza(i))
    k.grid(row=1 + i // 3, column=i % 3)
```

Programu ikifunguka tu, onyesho linajaa 0123456789 kabla sijagusa kitu, halafu vitufe havifanyi lolote. Nikabadilisha ikawa `command=lambda: bonyeza(i)`, yaani fanksheni fupi isiyo na jina. Sasa vinaitikia, ila vyote vinaandika 9, hata cha sifuri. Hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Swali la pili: alama za + - × ÷ na = nazo ziingie kwenye fanksheni hiyohiyo? Msaada tafadhali.

mzee_wa_lupu:
Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyachanganye.

La kwanza ni mabano. Ukiandika `bonyeza(i)` unaiita fanksheni papo hapo, wakati kitufe kinatengenezwa. Ndiyo maana tarakimu zinajipanga zenyewe. Fanksheni yako hairudishi kitu, kwa hiyo kinachoingia kwenye command ni None, yaani "hakuna kitu", na kitufe chenye None kinanyamaza bila kulalamika. Tkinter inataka ukabidhi fanksheni yenyewe, iite yenyewe baadaye.

La pili ndilo linalowatesa wengi. Lambda yako haikuhifadhi thamani ya i, imehifadhi jina i. Thamani inatafutwa siku kitufe kinapobonyezwa, na wakati huo lupu imeshaisha, i imebaki 9. Ukitaka kuhakikisha, chini kabisa ya lupu andika `i = 4` kisha uendeshe programu. Vyote vitaandika 4.

Dawa:

```
command=lambda n=i: bonyeza(n)
```

Thamani ya msingi ya parameta hukokotolewa lambda inapoundwa, kwa hiyo kila mzunguko wa lupu unaondoka na n yake.

nusu_mabano:
Jibu sahihi, ila mimi hiyo `n=i` siipendi. Anayekuja kusoma msimbo baadaye anadhani ni parameta ya kweli, anaifuta "kusafisha", na kesi inaanza upya. Tumia partial, ipo kwenye Python tangu toleo la 2.5:

```
from functools import partial
command=partial(bonyeza, i)
```

Inasomeka inavyofanya: bonyeza, ikiwa imeshapewa i.

dirisha_wazi:
Tahadhari kwa watakaohamia PyQt, maktaba nyingine ya madirisha, na mbinu ya `lambda n=i`. Kule ishara ya clicked inakuja na thamani yake, True au False, kueleza kama kitufe kimewekewa tiki. Thamani hiyo inakwenda kukaa kwenye n, na kikokotoo kinaandika False badala ya tarakimu. Andika `lambda tiki, n=i: bonyeza(n)`.

kahawa_chungu:
Kwa Java kompaila ingekukatalia mapema: lambda hairuhusiwi kushika kigeu cha ndani ya fanksheni kinachobadilika. Kwenye Swing, maktaba ya madirisha ya Java, msikilizaji mmoja anapewa vitufe vyote, ndani yake unauliza `e.getActionCommand()`. Angalia tu kwamba usipoweka kitu, jibu linakuwa maandishi ya kitufe chenyewe. Siku ukitafsiri maandishi, "Futa" ikawa neno jingine, ulinganishi wako wote umekufa. Weka `setActionCommand` mwenyewe.

tarakimu_tisa:
Partial imekubali, ahsanteni sana. Na kama nataka fanksheni ijue kitufe gani kimebonyezwa, nikizime kwa muda? Niliona watu wanatumia bind, ile ya kufunga fanksheni kwenye tukio kama kubofya panya.

mzee_wa_lupu:
Bind inakupa tukio, na `tukio.widget` ndicho kitufe chenyewe. Lakini ukifunga `<Button-1>` umeshika panya peke yake. Mtu akifika kwenye kitufe kwa Tab na kubonyeza Space, command ingeitika, bind yako haitaitika. Tena kitufe ukikizima, bind inaendelea kufanya kazi kama kawaida, jambo ambalo ndilo hasa unalolikimbia. Baki na command, tengeneza kitufe kwanza kisha ukikabidhi:

```
k = tk.Button(dirisha, text=str(i))
k.config(command=partial(bonyeza, i, k))
```

Bonyeza nayo iongezewe parameta ya pili.

nusu_mabano:
Swali lake la pili limesahaulika. Mkuu, = usiiingize humo. Vitufe vinashirikiana fanksheni pale kazi ni ileile na kinachobadilika ni thamani tu. Tarakimu zote zinaandika, hiyo ni familia moja. Alama nne zinahifadhi namba ya kwanza, zinakumbuka alama, zinasafisha onyesho: familia ya pili, ipe `weka_alama(a)`. Ile = inakokotoa, iko peke yake. Ukizikusanya zote utaishia na if ndefu inayouliza "wewe ni nani?" kila mara, yaani zile fanksheni ulizozikimbia, safari hii zimefungwa pamoja.

dirisha_wazi:
Mimi ningezikusanya tu, kikokotoo ni kitu kidogo.

nusu_mabano:
Kidogo leo. Akiongeza kipeo na asilimia, utamsikia tena humu.

tarakimu_tisa:
Nimezitenga, imekaa vizuri. Nukta ya desimali je?

nusu_mabano:
Iende na tarakimu, `partial(bonyeza, ".", k)`, kwa kuwa nayo inaandika tu. Ila mwanzoni mwa bonyeza weka kizuizi, la sivyo mtu ataandika 3.1.4:

```
if n == "." and "." in onyesho.get():
    return
```

Kwa kuwa weka_alama inasafisha onyesho, namba ya pili itaruhusiwa nukta yake bila shida.