Rhodes au Krete kwa mpenda historia?

MsafiriBremen
Habari zenu wadau. Mwezi wa tano mimi na mke wangu tuna likizo ya wiki moja, na tiketi za Rhodes na Krete, visiwa vya Ugiriki, bei zinakaribiana. Ufukwe hautuhusu sana, tunataka magofu na ngome. Mngekwenda wapi?

Kisimani
Krete. Knossos palikuwa na kasri kubwa la Waminoa, watu wa kale wa kisiwa hicho, karibu miaka 4,000 iliyopita, hakuna cha kulinganisha. Ila zile nguzo nyekundu za kwenye picha ni za saruji, alizisimamisha Arthur Evans, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimba mwaka 1900. Vitu vyenyewe viko makumbusho ya Heraklion, pamoja na kile kisahani cha udongo cha Phaistos ambacho maandishi yake hayajasomeka hadi leo. Msiondoke bila kuingia humo.

MamaWawili
Kweli, lakini Krete ina urefu wa kilomita 260! Knossos leo, bandari ya Chania iliyojengwa na Waveneti (watu wa Venisi, Italia) kesho, keshokutwa kisiwa kidogo cha Spinalonga walikotengwa wagonjwa wa ukoma hadi 1957, wiki imekwishia barabarani. Rhodes mnatua, mnaweka mizigo, mnaingia mji mkongwe kwa miguu. Kuta zile ni za Shirika la Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa Kikristo waliokitawala kisiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 14. Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniya (Waturuki) aliuzingira mji miezi sita ndipo wakasalimu amri, Desemba 1522. Teremkeni kwenye handaki lililozunguka kuta. Mawe ya mviringo ya mizinga yamelala majanini mpaka leo, mengine makubwa kuliko sufuria ya pilau ya harusi.

Kasri la mkuu wao nalo si la asili, Kisimani. Baruti ililibomoa 1856, Waitaliano wakalijenga upya walipokuwa watawala.

MsafiriBremen
Na ile sanamu kubwa, Colossus?

Kisimani
Haipo. Ilikuwa ya mungu jua Helios, ya shaba, kama mita 33. Tetemeko liliiangusha mwaka 226 KK, haikufikisha hata miaka 60. Ile michoro ya kuitanua miguu juu ya mlango wa bandari ni ya kubuni tu. Pale bandari ya Mandraki sasa kuna nguzo mbili zenye kulungu wa shaba.

MtuWaLushi
Kwetu Lubumbashi, Kongo, Rhodes si jina geni. Wayahudi wengi wa kisiwa kile walihamia Katanga, mkoa wetu, enzi za Wabelgiji, na baba yake mwanasiasa wetu Moïse Katumbi alitokea Rhodes. Waliobaki, zaidi ya 1,600, Wajerumani waliwakamata Julai 1944 wakawapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wachache mno walipona. Nawaomba mfike Kahal Shalom, sinagogi la mwaka 1577, lenye sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe. Hata kama hamna muda, fikeni.

MsafiriBremen
Asante sana ndugu. Mke wangu amesoma hili, ameshaamua: Rhodes. Lindos, kile kijiji cha Rhodes chenye magofu juu ya mlima, tutenge siku nzima?

MamaWawili
Nusu siku yatosha. Pandeni saa mbili asubuhi, jua halijawa kali na mabasi hayajamwaga watu. Kabla ya ngazi za mwisho kuna tezi la merikebu, yaani sehemu yake ya nyuma, limechongwa kwenye mwamba wenyewe, kazi ya karne ya 2 KK. Wengi hulipita wakikimbilia hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, juu. Nyie simameni hapo kwanza.