Wenye masta (kanda za asili) za filamu zetu, zitoeni! Mnatuuzia uozo

Wakuu, heshima kwenu. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana jioni nimetoka hapa mjini Mwanza kuchukua kazi niliyoiacha dukani wiki tatu nzima, na tangu nilipoichomeka ile flashi kwenye TV sijakaa sawa.

Hayati mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video Kirumba, upande wa kushukia Mwaloni. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na karabai, asubuhi wanauza, mchana wanalala, jioni wanajaa kwenye mabenchi yake. Sisi watoto tulikuwa tunakaa chini, mbele kabisa, shingo juu. Alipofariki aliacha boksi la kanda 31 za VHS. Nyingi ni za Kihindi na za ngumi za Kichina, hizo hata zikipotea dunia haijapoteza kitu, ziko kila mahali. Ila sita ni za Kiswahili, alizifuata mwenyewe Kariakoo enzi filamu za video zinaanza nchini. Mbili kati ya hizo sijaziona tena popote, wala sijakutana na mtu aliyeziona.

Nikazipeleka hizo sita kwa watu wanaojitangaza kwamba wanahamisha kanda kwenda kwenye flashi "kwa ubora wa HD". Shilingi 15,000 kwa kanda moja, jumla 90,000. Nililipa zote mkononi bila kuomba punguzo, kwa sababu kazi ya maana inalipwa.

Sasa sikilizeni nilichopewa.

Picha imevutwa. Kanda hizo zilirekodiwa kwa umbo la TV za zamani, zile za karibu mraba, wao wakazitandaza zijaze skrini pana ya siku hizi. Dada mwembamba aliyeigiza mke mkubwa amekuwa mpana kama mlango, magurudumu ya baiskeli yamekuwa mayai. Chini ya picha, kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, unapita utepe mwekundu wenye maandishi ya njano: jina la duka na namba mbili za simu. Filamu ya mtu mwingine, jasho la mtu mwingine, wao wamebandika tangazo lao juu yake milele. Na majina ya mwanzo, yaani mwongozaji, mpiga picha, waigizaji, yote yamekatwa. Nilipouliza, kijana akanijibu bila hata kunitazama: "Kaka, majina nani anayasoma?"

Mimi nayasoma! Na watoto wa wale watu wangeyasoma. Kwa filamu ambayo haimo kwenye kitabu chochote, yale majina ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Halafu kanda moja ililiwa na deki. Wakaikata, wakaiunga kwa seloteipu, dakika 11 zimetupwa. Hawakusema. Nimegundua mwenyewe, kwa sababu mgomvi anatoka mlangoni mzima, anaingia hospitali na bandeji, na ugomvi wenyewe haupo. Kanda ile ilikuwa na ukungu mweupe pembeni, niliwaonyesha kabisa kwa kidole. Fundi yeyote anayejua kazi anajua kanda yenye ukungu haiingizwi kwenye deki kabla ya kusafishwa, maana ukungu unahamia kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, na kutoka kwenye hedi unahamia kwenye kanda ya mteja anayefuata. Kwa hiyo hata wewe uliyepeleka kanda ya harusi ya mama yako wiki hiyo, kaikague.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni maji. Kuna filamu moja ina kipande cha mtumbwi jioni. Mzee anapiga kasia, mwanawe kakaa mbele, hawaongei. Kwenye kanda, pamoja na chenga zake zote, unaona viwimbi, unaona mstari wa mwanga unaokatika na kuungana nyuma ya kasia. Kwenye flashi ziwa limekuwa vigae. Vijiraba vya kijivu vinasimama, vinaruka, vinasimama tena, na yule mzee anakwenda juu ya sakafu ya bafu.

Hili lina sababu, na wanaouza wanaijua au wanapaswa kuijua. Kompyuta inapobana video inaokoa nafasi kwa kutorudia kile ambacho hakijabadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Ukuta hauna gharama. Mtu aliyekaa hana gharama kubwa. Maji yanabadilika kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiipa kompyuta nafasi ndogo, cha kwanza kufa ni maji. Baada yake moshi, majani, vumbi, umati sokoni. Sasa jamani, sisi watu wa Kanda ya Ziwa, ukitoa maji na umati wa sokoni kwenye filamu yetu umebakiza nini?

Duka lile ni dogo, wale ni vijana wanatafuta riziki, na hela yangu nitaidai. Wanaonichoma hasa ni wakubwa: waliozalisha na kusambaza filamu hizi, waliochukua masta kwa waigizaji na waongozaji, wakatuuzia kwa miaka mingi kitu kilichobanwa hadi kikakata roho, na leo wamezikalia au wamezipoteza na hawasemi.

Wengi wetu Bongo Movie tuliijua kwa VCD. VCD kwa mfumo wetu wa TV ni pikseli (nukta za picha) 352 kwa 288, na diski moja inabeba dakika 74 hivi. Ndiyo maana tukauziwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja kwa bei yake, na leo nyumba nyingi zina sehemu moja tu. Sasa chukua kanda ndogo ya MiniDV, mojawapo ya kanda zilizotumika sana kwenye kamera za video za miaka ile. Hiyo inashika pikseli 720 kwa 576, picha kubwa mara nne, na kila sekunde inabeba data zaidi ya mara 20 ya VCD. Maana yake sisi kama watazamaji hatujawahi kuziona filamu zetu wenyewe. Tumeona kivuli chake.

Na hapa niwe mkweli ili mtu asije akanirushia neno: siombi 4K, ile picha kali ya TV za kisasa. Kilichorekodiwa kwenye video ya kawaida hakina 4K ndani yake, na anayekuuzia Bongo Movie ya mwaka 2005 kwa jina la 4K anakuibia mchana kweupe. Naomba kile kilichomo kwenye masta, kizima, kwa umbo lake, kikiwa na majina yote, sehemu zote mbili kwenye diski moja au faili moja la kununua. Basi! Hilo halihitaji maabara ya Ulaya. Linahitaji mtu afungue kabati, asafishe kanda, atafute deki nzima.

"Girlfriend" ya 2003, wengi wanaihesabu miongoni mwa zilizofungua mlango wa Bongo Movie. Aliyeiongoza, George Tyson, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2014. Steven Kanumba, kijana wetu kabisa, mzaliwa wa Shinyanga, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 na nchi nzima ililia. Mnaikumbuka siku ile. Leo binti yangu akitaka kumjua Kanumba atamwona kupitia nakala ya nakala, ina nembo ya chaneli ya mtu imekaa juu ya paji la uso wake, sauti inatangulia mdomo. Tulimlilia vile halafu tukaacha uso wake uoze hivi? "Uncle JJ" yake watoto wangapi walikua nayo? Iko wapi nakala safi ya kununua kwa hela halali? Mimi ninayo hela mkononi. Nitajieni duka.

Na msiniambie iko YouTube. Yaliyopo YouTube mengi yametolewa kwenye hizo hizo VCD, yakabanwa mara ya pili. Chaneli ikifungwa usiku, asubuhi filamu haipo.

Tazameni ng'ambo ya ziwa. Kampala, mtaa wa Wakaliga, mwongozaji Nabwana alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" ikatoka 2010. Kompyuta yake haikuwa na nafasi, akalazimika kufuta kazi ile ili atengeneze filamu inayofuata. Iliyobaki ni nakala yenye sauti ya mtangazaji anayesimulia juu yake, ile safi isiyo na mtangazaji haipo tena duniani, imekwisha. Walau hiyo iliyobaki ilichukuliwa na watu wa hifadhi ya filamu Marekani, wakaitoa kwenye Blu-ray kwa heshima zote, pamoja na "Bad Black". Filamu ya mtaani, ya vijana wasio na kitu! Na yule alifuta kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Hawa wa kwetu wana kisingizio gani?

Tukirudi nyuma zaidi ndiyo unachoka kabisa. Lililokuwa shirika letu la filamu, TFC, liliundwa 1968. Kuna "Fimbo ya Mnyonge" ya miaka ya 1970. Kuna "Arusi ya Mariamu" ya 1985, kuna "Mama Tumaini" ya 1986. "Maangamizi" ya 2001, akiwemo Amandina Lihamba, ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Waulizeni vijana hapa Nyegezi au Igoma kama wamewahi kuziona. Hawajawahi hata kuzisikia.

Na hizi za mkanda wa filamu, za kupigwa taa zikapita kwenye projekta, ndizo zenye uwezo wa kupendeza zaidi kuliko hata za juzi, maana mkanda unashika undani mwingi kuliko video yoyote ya miaka ile. Ukiuskani vizuri unashangaa. Lakini mkanda wa asetati (aina ya plastiki) ukikaa kwenye joto na unyevu unaanza kutoa harufu ya siki, unajikunja, unasinyaa, na ile hewa yake inaharakisha kuoza kwa mikanda iliyo jirani nayo. Ukishaanza hauponi, unapunguzwa kasi tu kwa baridi. Joto la Dar mnalijua.

Msiseme Waafrika hatuwezi. "Touki Bouki" ya Senegal ya 1973 ilirekebishwa 2008, leo unainunua ikiwa safi kama imepigwa jana. Mwaka 2017 ulitangazwa mpango wa kurekebisha filamu 50 za Afrika, umoja wa watengenezaji filamu wa Afrika ukiwemo na UNESCO ikiwemo. Milango ipo. Ila hakuna atakayekurekebishia filamu ambayo hujui mkanda wake uko wapi wala nani ana haki yake.

Wazungu wao wanajua kutunza hata vya kwetu. "The African Queen" ya 1951, hadithi iliyochota kwenye vita vya Ziwa Tanganyika, vile vya meli ya Wajerumani ambayo leo ndiyo MV Liemba, ilisafishwa rangi yote ikatolewa upya 2010. Na ile "Darwin's Nightmare" ya mwongozaji Sauper ya 2004, ya sangara na ndege za mizigo, ilirekodiwa hapa hapa Mwanza. Iliwaudhi wengi, Rais Kikwete mwenyewe aliishutumu hadharani, na mimi yapo mambo mle sikubaliani nayo. Lakini mle kuna nyuso za watu wa mji huu na Kiswahili cha mji huu, na nakala pekee niliyowahi kuipata ilikuwa imerekodiwa kwenye TV, ina maandishi ya Kifaransa chini. Nakala yenye maandishi ya Kiswahili, tuitazame na kuibishania wenyewe, ingekuwa haki yetu.

Kwa hiyo ninyi mlionunua haki za filamu, najua wengine mnapita humu: semeni mnacho nini. Orodha tu kwanza. Kama kanda ipo, semeni ipo. Kama mmeirekodia juu yake kipaimara cha mtu, semeni, tuache kusubiri.

NYONGEZA: Kuna mdau kaniuliza afanyeje na kanda zake. Mkuu, zitoe darini, chini ya bati zinaiva. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze. Ziwe mbali na spika kubwa kwa sababu ya sumaku. Zile zenye ukungu usizichezeshe hata kwa kujaribu. Na ukipeleka kwa mtu, mwambie kabla hujalipa: umbo lisiguswe, majina yasikatwe, nembo isiwekwe, na akuonyeshe dakika tano za mwanzo ukiwa umesimama pale.

Zangu 25 zilizobaki nimezipanga chini ya kitanda. Zile sita nimezirudisha nyumbani, na ile iliyoungwa kwa seloteipu nimeitenga kwenye mfuko wake. Ile ya mtumbwi haina ukungu, inaweza kuhamishwa tena kesho. Mwenye deki nzima, iwe Mwanza, Musoma au Bukoba, aje PM. Nauli ya boti au basi najilipia, na kanda naishika mwenyewe.