Naomba ushauri: barua pepe ya kubadili nenosiri ifuate lugha ya mtumiaji (Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python)

Wakuu, habari za kazi. Kurasa za kuingia zimeshakaa sawa. Templeti (violezo vya kurasa na barua) ziko kwenye folda ya registration, na app yetu iko juu ya django.contrib.admin (sehemu ya usimamizi ya Django) katika INSTALLED_APPS, orodha ya app za mradi. Ikikaa chini yake, password_reset_form.html ya admin ndiyo inayotokea. Barua ya HTML nayo inapita kwenye html_email_template_name, mpangilio wa templeti ya HTML. Ukiiweka kwenye email_template_name (ya maandishi matupu) peke yake, mtu anapokea alama za <p> na <a> zikiwa wazi.

Kinachosumbua ni lugha. Kwa LocaleMiddleware (sehemu ya Django inayochagua lugha kwa kila ombi), barua huandaliwa kwa lugha ya kivinjari kilichotuma ombi. Aliyechagua Kiswahili kwenye akaunti yake, akitumia kompyuta ya Kiingereza pale intaneti kafe, anapata barua ya Kiingereza, kwa sababu wakati huo bado hajaingia na mfumo hausomi chaguo lake.

Nafikiria kurithi PasswordResetForm (fomu ya Django ya kuomba nenosiri jipya) na kuizungushia send_mail yake translation.override, inayobadili lugha kwa muda, lugha itoke kwenye context["user"]. Hapo naona pako salama. Ila barua zinatakiwa zipite Celery (foleni ya kazi za nyuma), na user hageuki kuwa JSON, maandishi yanayobebwa na foleni hiyo. Je, nitume pk tu (kitambulisho chake kwenye hifadhidata), worker (programu inayotekeleza kazi za foleni) amsome mtumiaji na kutengeneza tokeni, yaani msimbo wa siri wa kiungo cha kubadili nenosiri, mwenyewe? Au niandae maandishi yote kwanza? Hii ya pili ni rahisi, lakini kiungo kinabaki wazi ndani ya foleni, na tokeni huishi siku 3 usipopunguza PASSWORD_RESET_TIMEOUT.

Mnaotumia foleni, mmeipangaje? Na domeni mnaipata wapi wakati worker hana ombi: kwenye Sites (sehemu ya Django inayohifadhi domeni) au kwenye settings, faili la mipangilio?