Wezi wametuma meseji kwa WhatsApp ya mwenzangu halafu wakazifuta, ushahidi naupata wapi?

kibarango_IT
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mtu wa IT tu kazini, haya mambo ya uchunguzi wa kidijitali nimeyasoma juu juu, sasa nimetwishwa zigo. Kuna dada tunafanya nae kazi, juzi alipata barua pepe ya mambo ya mishahara, akabonyeza linki, ukurasa ukamuomba namba ya simu, akaweka, ukampa msimbo (code) wa herufi nane ukamwambia auingize kwenye WhatsApp yake eti kuthibitisha, na yeye bila hiyana akaingiza. Kuanzia hapo watu wake wakawa wanapokea meseji za kuomba hela kutoka kwake, ila kwenye simu yake hazionekani kabisa. Jana nikaingia pale kwenye vifaa vilivyounganishwa nikakuta Chrome ya Windows wakati dada hana hata laptop, kumbe ule msimbo ndo ulioiunganisha, nikaitoa chap. Bosi anataka ushahidi na mwenyewe anataka aende polisi. Nilichonacho ni skrinshoti mbili za marafiki zake. Zinatosha? Na zilizofutwa zinarudi? Simu ni Android, haijarutiwa (haijafunguliwa mamlaka ya juu ya mfumo).

chandarua77
Rahisi sana hiyo, shusha apu ya kurudisha meseji zilizofutwa, zimejaa tele, nusu saa tu umemaliza.

Mzee_wa_Logi
Chandarua usimpoteze mwenzio. Kila apu unayosakinisha inaandika vitu vipya kwenye hifadhi ya simu, na nyingi ya hizo ndo zenyewe zinaomba ruhusa ya kusoma meseji, yaani dada aliyeibiwa mara moja unampeleka akaibiwe mara ya pili.

Kibarango, kumtoa mwizi ulifanya sawa, usalama kwanza, ila ungepiga picha ile skrini kwa simu nyingine kabla ya kubonyeza, pale palikuwa na aina ya brauza na muda wa mwisho alipokuwa hewani. Sasa hivi andika kwenye karatasi ulichokiona, saa ngapi, na ulichofanya, usiongeze chumvi.

Kuhusu kufutwa. WhatsApp kwenye Android inaweka meseji kwenye hifadhidata ya SQLite inaitwa msgstore.db, na pembeni yake kuna faili lenye -wal mwishoni ambalo linashika mabadiliko kabla hayajaingizwa kwenye hifadhidata kubwa. Ukifuta meseji mara nyingi SQLite haiendi kusugua yale maandishi, inaandika tu kwamba ile nafasi iko wazi, kwahiyo hadi kije kitu kingine kikae pale kuna uwezekano mabaki yakasomeka. Nimesema uwezekano. Na kuyafikia hayo kunahitaji mtu mwenye vifaa vya maabara maana folda ya WhatsApp ya ndani huifikii kwa simu isiyorutiwa, na usiiruti wewe, utaharibu kuliko utakachopata.

Ila kuna kitu unaweza kukichukua leo hii hii. Kwenye Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases kuna bakapu za ndani, yaani nakala za akiba, zinatengenezwa usiku kwenye saa nane hivi na zinakaa za siku saba tu. Hata ukiweka simu hali ya ndege bakapu inaendelea, kwahiyo kila usiku unaolala wewe, faili moja la zamani linadondoka. Zinakili zote. Zimefungwa kwa ufunguo, faili zake zinaishia crypt14 au crypt15, huwezi kuzisoma bila ule ufunguo, lakini zichukue tu, mwenye uwezo wa kuzifungua atakuja baadae na faili lililodondoka halirudi. Usitegemee makubwa lakini, meseji iliyotumwa saa tano na kufutwa saa tano na dakika mbili haikuingia kwenye bakapu yoyote.

kibarango_IT
Nimezinakili, ziko saba kweli! Lakini mzee hapo mwisho umenivunja moyo. Kama walikuwa wanafuta papo hapo basi sina kitu?

Mzee_wa_Logi
Unacho, ila hakipo kwenye simu ya dada. Mwizi alifuta upande wake, ule ufutaji wa "nifutie mimi" unaenda kwenye vifaa vyote vya akaunti moja, ndo maana dada hazioni. Waliotumiwa bado wanazo. Watu wanaganda kwenye simu ya aliyeibiwa wakati mzigo umelala kwa jirani.

Na skrinshoti ni dhaifu, yeyote anaweza kuitengeneza. Waombe marafiki wasifute kitu, mazungumzo yabaki kwenye simu zao kama yalivyo. Wakikubali simu zao zisomwe maabara, kila meseji kwenye hifadhidata ina kitambulisho chake, na zile zilizotumwa kupitia WhatsApp Web kwa kawaida vitambulisho vyake vinaanza na 3EB0, tofauti na zinazotoka kwenye simu ya Android. Fikiria hiyo kwa mtu ambae hana laptop. Hapo ndo unaonyesha sio vidole vyake vilivyoandika.

binti_hashi
Mnazungumzia WhatsApp tu na barua pepe mmeiacha, wakati mlango alioingilia mwizi ndo huo. Kaka Kibarango hiyo barua usimwambie dada akufowadie, ukifowadi heda za mwanzo, ile mistari iliyofichika inayoonyesha barua ilikopita, zinapotea zinakuja za kwake. Ishushe kama ilivyo, faili la .eml, halafu hapo hapo piga hashi ya SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili inayobadilika faili likiguswa, uandike zile herufi 64 kwenye karatasi yako na saa, na zile bakapu saba zifanyie hivyo hivyo. Baadae mtu akidai umechezea faili unapiga hashi tena mbele yake.

Heda soma mistari ya Received kutoka chini kwenda juu, ya chini ndo ya kwanza kuandikwa, lakini mwizi anaweza kubandika ya uongo huko chini, kwahiyo amini ile iliyoandikwa na seva yenu wenyewe kisha shuka taratibu. Tafuta Authentication-Results, ni matokeo ya seva kukagua mtumaji. Ukikuta dkim=pass (saini ya barua imekubalika) usishangilie, maana yake tu ni kwamba barua imesainiwa na hilo domeini lililotajwa pale, na domeini linaweza kuwa la mwizi mwenyewe, kalisajili wiki hii. Mimi mara ya kwanza nilipoona pass nilimwandikia bosi barua ni salama, sitaki kukumbuka.

Linki usiifungue kwa kompyuta ya kazini, mara nyingi ina alama ya mtu mmoja mmoja, ukiigusa mwizi anajua anachunguzwa na anafunga ukurasa. Angalia tarehe domeini liliposajiliwa, na kumbukumbu za wazi za vyeti vya TLS (vile vya kufuli la https) zitakuonyesha cheti kilitolewa lini, bila kugusa saiti yake. Likianza na xn-- jua kuna herufi zisizo za kawaida ndani yake, na huenda ni za alfabeti nyingine zimevalishwa sura ya herufi zetu.

chandarua77
Sawa nimekubali nilikurupuka. Ila polisi watafanya nini cha zaidi, WhatsApp si imefungwa mwanzo mwisho, hata kampuni haisomi meseji?

Mzee_wa_Logi
Maneno ndo yamefungwa, rekodi za akaunti ni kitu kingine. Kampuni inasema ikipokea ombi rasmi la vyombo vya sheria inazihifadhi rekodi siku 90 wakati inasubiri hati za kisheria. Kwahiyo dada aende mapema, sio baada ya miezi mitatu ya vikao.

Na saa zako ziweke zote kwenye UTC (saa moja ya dunia nzima) kabla hujaandika ripoti. Android inahesabu milisekunde kuanzia 1970, WhatsApp ya iPhone inahesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 2001, tofauti ni sekunde 978307200. Ukisahau kuijumlisha meseji ya rafiki mwenye iPhone itaonekana imetumwa miaka 31 kabla haijatumwa.

kibarango_IT
Mrejesho. Cheti cha ule ukurasa kimetolewa siku mbili kabla ya barua kuingia. Marafiki wanne wamekubali, mmoja ana iPhone kama ulijua mzee. Hashi nimeandika zote. Simu ya dada iko mezani kwangu inachaji, hali ya ndege, na mwenyewe ameshakuja mara tatu kuuliza anaipata lini.

binti_hashi
Kila akija andika saa aliyokuja na kwamba hakuigusa. Na usimrudishie bila kusaini.